Mama Akusheze na Jina la Mutoto Wangu wa Tatu

Kwenye matanga yake watu walisimama mumoja mumoja wakaeleza alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, na ukoo wao ulitoka mulima gani. Mimi habari hizo sizijui, na miaka yote niliyokaa karibu naye sikuziuliza. Wangenipa neno siku ile, ningeanza na bote zake.

Alivaa bote za mupira, zile za wakulima, masika na kiangazi, hata siku ya Pasaka, chini ya kitenge cha sherehe. Alisema mawe ya Goma yalitoka motoni na hasira haijayaisha, ukiyakanyaga na kandambili yatakula kwanza kandambili, kisha kisigino. Katoyi yote, mutaa wetu, ilijua mulio wa bote zile. Ukisikia zinapita mbio asubuhi, ujue kuna nyumba itaongeza sahani. Tulimwita Mama Akusheze kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzalisha. Jina lake lenyewe nililisikia mara ya kwanza pale matangani, nikaona halifanani naye, nikaliacha palepale.

Mimi ninayeandika haya ni mutu wa makamyo matatu na depo ya simenti na mabati. Nilitoka masomo mwaka wa tatu wa primere, na leo waliofika iniversite ndio wananiandikia faktire za mauzo. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema ili upime mwenyewe: mutu wa namna yangu haogopi watu ovyo. Nimebishana na makomanda wa bariere, nimebishana na madouanie, nimebishana na mabibi wa soko, ambao ni wabaya kuliko wote. Lakini Mama Akusheze akinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, nilijikuta ninaficha mikono nyuma kama mutoto aliyeiba sukari.

Zamani alitumika maternite. Alipotoka huko, wanawake wa karitie walimufuata nyumbani, na yeye hakujua kufukuza mutu. Nyumba yake ilikuwa ya mbao kama zetu zote, lakini uwanja wake ulikuwa sawa kama meza. Anayeijua Katoyi anajua ukubwa wa neno hilo. Pale tunajenga juu ya lava, mawe meusi yenye meno, ukitaka pahali pa kuanika sombe, majani ya muhogo, lazima upigane na mulima. Yeye hakupigana. Kila baba aliyemuleta bibi yake kuzaa alipewa nyundo kubwa na kuonyeshwa jiwe. "Mama anatumika ndani, weye utumike inje," alisema, na mulango ukafungwa.

Hapo utapiga. Kila sauti ya ndani inakuongezea nguvu, na ukiacha kupiga, kichwa chake kinatokea dirishani kuuliza kama umekwisha kuzaa. Nimeona mwalimu wa miwani akivunja mawe pale, nimeona askari, nimeona pasta ndani ya koti. Siku ya Paluku, mutoto wangu wa kwanza, nilipasua jiwe ambalo wababa wengine walikuwa wanalizunguka tu, kubwa kama friji. Waliokuwepo wanalieleza mpaka leo. Mama Akusheze alipotoka kuniambia ni mwanaume, aliangalia jiwe kwanza. Akasema nimelipasua vibaya, vipande havifai hata kujengea choo.

Kwa wababa hakuwa na huruma. Ukimuuliza saa gani mutoto atafika, alijibu kwamba mutoto hana haraka, mwenye haraka ni baba, na leo siye anayezaliwa. Lakini nimemwona pia akimupikia uji baba mumoja aliyezimia, akamunywesha kwa kijiko kama mugonjwa wa kweli, halafu akamurudishia nyundo.

Watoto wote aliowapokea aliwaita Mugeni. Si wachanga peke yao. Chauffeur wangu mumoja, mwanaume wa ndevu anayepandisha kamyo mulima wa Kanyabayonga wakati wa matope, hakuweza kupita mbele ya mulango ule salama. "Mugeni, kuja unibebee bidon." Na yeye alikuwa anazima moteri, anashuka, anabeba. Nikamuuliza Mama Akusheze siku moja kama hata jina moja halimukai kichwani. Akasema majina ni kazi ya wazazi, kazi yake yeye ilikuwa kufungua mulango.

Sasa sikia maajabu: mutu huyo asiyekumbuka jina hata moja, ndiye aliyekuwa anayachunga majina kuliko douane inavyochunga mupaka.

Mutoto akimaliza siku zake za kwanza ndani, kabla hajatolewa kuonyeshwa jua, Mama Akusheze alikuwa anakuja na bote zake, anamubeba, anasimama naye mulangoni. Baba anatumwa barabarani. Pale, mbele ya pikipiki, mbele ya wauza makala ya kupikia, mbele ya kila mutu, aite jina alilochagua, kwa sauti ile ile ya kumuita mutoto aliyekwenda kucheza wakati chakula kimeiva. Ukicheka mwenyewe, jina halipiti. Ukiona haya, halipiti. "Jina inaitwa barabarani miaka kumi mbele ya kuandikwa kwenye diplome," alisema. "Basi tuanzie barabarani."

Kuna baba mumoja, mutu wa kusoma sana, aliyetaka mutoto wake aitwe Dieudonné Providence Emmanuel Victoire. Alitoka akaita. Alifika katikati pumzi ikamuishia, akasimama, akameza mate, akaendelea. Mama Akusheze akamuambia kutoka mulangoni kwamba mutoto amekwisha kuvuka barabara, kamyo imekwisha kupita, na yeye bado yuko kwenye Providence. Leo kijana yule anaitwa Dodo na hana shida na mutu.

Halafu kuna yule mama ambaye bwana yake alimukimbia akiwa na mimba ya miezi mitano. Alitaka kumuita binti yake Mateso. Baba hakuwepo, basi akaenda barabarani yeye mwenyewe. Aliita mara moja, sauti ikakatika. Mama Akusheze hakumucheka. Alimufuata mpaka pale alipokuwa amesimama, akamuambia polepole, mimi nilikuwa ninapita na bisikleti nikasikia: "Mateso inajua njia, mama. Haiombi kuitwa. Usiiite asubuhi na mangaribi ikuje kukula kwako." Binti akawa Furaha. Anauza samaki wa Vitshumbi, na anacheka mpaka wateja wanasahau kubishana bei.

Ukifikiri kwamba mutu wa namna hiyo alikuwa amenyooka kila upande, umekosea. Mbuzi wake alimwita Enspekteri, kwa sababu alitazama watu kama wana kosa. Mbuzi huyo alipochinjwa akaja mwingine, huyo naye akawa Enspekteri. Nilimuambia jina hilo halikupita barabarani. Akasema mbuzi amefungwa kamba, barabarani atafika saa gani? Kila Jumapili aliwakemea wanaume juu ya pombe, na chini ya kitanda chake kulikuwa na bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi, ambayo alisema ni ya kuoshea mikono. Nimemwona akiosha mikono ile mpaka anaanza kuimba. Na yeye, aliyekata vitovu vya nusu ya Katoyi, aliogopa sindano. Siku watu wa chanjo walipopita nyumba kwa nyumba, alikimbilia depo yangu akajificha nyuma ya mabati, bote zikibaki inje. Niliwaambia watu wa chanjo kwamba ni za fundi. Deni hilo hakunilipa kwa heshima hata siku moja.

Sasa nifike kwangu.

Kwetu Wanande mutoto hatafutiwi jina, analikuta linamungoja. Mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, na kuendelea. Mimi ni Kakule. Ukiita Kakule katika soko ya Butembo, itakujibu soko nzima. Na mimi ninajua vizuri Kakule ni nini: Paluku alipata shamba la karibu na maji, Kambale la mulimani, Kasereka la mawe, na Kakule akapata baraka ya baba. Nilibeba baraka yangu nikaja nayo Goma. Nilisukuma tshukudu ya viazi, ile bisikleti ya mbao isiyo na pedali, kutoka Kibumba, kipande cha mupira wa gari chini ya kiatu ndiyo freni yangu, mpaka nikanunua tshukudu ya pili, ya tatu, halafu kamyo. Hakuna kaka yangu aliye na kamyo.

Watoto wangu wawili wa kwanza walizaliwa wakati bado ninasukuma. Sikuwa na kifua cha kubishana na wazee, basi wakawa Paluku na Kambale kama inavyotakiwa. Kambale wetu alishikwa na malaria akiwa ameanza kusema maneno. Hilo ninaliandika upesi na ninapita.

Ikapita miaka, bibi yangu akazaa tena mwanaume. Wakati huo mimi ni mimi. Alizalia katika kliniki ya mujini, shambre ya peke yake, maua juu ya meza. Mama Akusheze alikuwa amekwisha kuhamia mutaa wa Mapendo kwa mujukuu wake, macho yakimupungukia. Kwa hiyo safari hii hakuna jiwe, hakuna barabara, hakuna wa kunitazama mpaka viatuni. Nikatangaza kwamba mutoto huyu hatakaa kwenye musururu. Ataitwa Turbo.

Usicheke. Kamyo bila turbo inaomba mulima ruhusa. Kamyo yenye turbo inapita, na mulima unabaki kuangalia moshi. Kamyo iliyonitoa chini ilikuwa na turbo. Nilitaka mutoto mumoja katika nyumba yangu ambaye jina lake halina namba, ambaye ukimuita, anageuka yeye peke yake. Deponi walipiga makofi. Machauffeur walisema patron ameona mbali.

Bibi yangu hakupiga makofi. Alikuwa ananyonyesha, akaniambia bila kuinua kichwa: "Mutu akisikia Paluku na Turbo, atahesabu wawili. Akisikia Paluku na Kasereka, atauliza, na Kambale? Minataka waulize."

Nikamujibu kwamba jina ni la mutoto aliye hai, halikuwekwa kwa kushikia mwingine kiti. Nilijiona nimesema neno la akili. Yeye hakubishana. Alifanya kitu kibaya zaidi: hakulitaja jina lile. Mwezi, miezi, anamuita "huyu", anamuita "papa", anamuita "mutoto". Wageni wakiuliza anaitwa nani, aliwaonyesha mimi kwa kidole, kama mutu anayeonyesha mwenye gari lililofunga njia.

Mimi sikutikisika. Lakini siku moja nimesimama kwenye garage na mteja, mekanisie akatoka chini ya kamyo anapangusa mikono, akaniambia kwa utulivu kwamba turbo imekufa, haifai kungojea, nilete ingine. Ni maneno ya kila siku katika kazi yetu. Nimeyasikia tangu nilipoanza. Safari hii nilikaa chini juu ya gurudumu, mteja akadhani ni bei ya spea inayonichosha. Ile "lete ingine" ndiyo iliyonishika. Nilikwenda nyumbani mapema, nikamwangalia mutoto anavyolala na ngumi zimefungwa.

Ubatizo ulikuwa Jumapili inayofuata. Katekista alikwisha kupita kuuliza jina la kusoma mbele ya padri, nikamuambia atapewa. Bibi yangu aliona kwamba sikumujibu kwa sauti yangu ya kawaida. Akaingia hapo hapo. Akasema tumupeleke mutoto kwa Mama Akusheze, na jina likipita kwake, yeye atamuita Turbo asubuhi mpaka jioni na hatarudia tena neno la Kasereka. Nilikubali mbio. Moyoni nilisema muzee yule haoni vizuri sasa, na sauti yangu Mungu aliniongeza.

Tulikwenda Jumamosi mchana na jeep, ambayo haikuweza kuingia katika kichochoro cha Mapendo, tukaiacha na kutembea. Mama Akusheze alikuwa amekaa juu ya benchi mbele ya mulango, amepungua sana, shingo imekuwa ndogo, lakini bote ziko. Nilimusalimia na kumuambia habari zangu, kamyo ya tatu, depo, paa jipya. Alinisikiliza mpaka nimalize, akauliza kama nimejifunza kupasua mawe.

Bibi yangu alimuwekea mutoto mapajani. Yule muzee alipitisha vidole juu ya kichwa chake, akashuka masikioni, akapima mabega, akashika nyayo zote mbili katika mukono mumoja. Akasema huyu alifika bila yeye kufungua, na bado amefika muzima, basi dunia inaendelea. Akauliza jina. Nilitoka barabarani kama inavyotakiwa, nikajaza kifua.

"Turbo!"

Niliita vizuri, sitadanganya. Mwendesha pikipiki mumoja aligeuka akanijibu kwa kuongeza moto, vruum, akapita akicheka. Wasichana waliokuwa wanachota maji walisema huyo papa anauza gari. Kuku walikimbia. Nilirudi nikiwa nimetoka jasho lakini kichwa juu, maana sikucheka na sikuona haya, na sheria ni sheria.

Mama Akusheze alikuwa anamutikisa mutoto polepole. "Umeita kamyo," alisema, "na kamyo ingekuja. Sasa mama yake aite."

Hiyo haikuwa katika sheria. Siku zote ni baba, au mama kama baba hayupo, na mimi nilikuwepo, kila mutu aliniona. Nilianza kusema hivyo, akainua uso kuelekea sauti yangu, nikaficha mikono.

Bibi yangu alikaza kitenge chake, akatoka. Hakusimama katikati ya barabara kama mimi. Alisimama pembeni, pahali mama husimama, akaweka mukono mumoja kiunoni. Hakuita kwa nguvu.

"Paluku!"

Paluku wetu alikuwa Katoyi anacheza mupira. Kwenye paa la jirani fundi mumoja aliinua kichwa, akaona si yeye, akarudi kwenye misumari yake.

"Kambale!"

Jina hilo sikuwa nimelisikia katika kinywa cha bibi yangu likiitwa namna hiyo, la kuita mutu aje, tangu siku ile ninayoipita upesi. Na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya chakula kinapoa.

Nyuma ya uzio wa mbao kukasikika miguu. Kakatoka katoto ka miaka sita, saba, magoti yamejaa vumbi jeusi, kipande cha avoka mukononi, kamekimbia kwa sababu kamesikia jina lake. "Niko, mama," kalisema. Halafu kakaona kwamba si mama yake, kakasimama.

Nilitaka kutoka nikakaambie kaende, kwamba hakakuitwa. Nilibaki mulangoni. Bibi yangu alikaangalia. Alikaangalia muda mrefu, mpaka nikaogopa. Halafu akachukua ncha ya kitenge, akainama, akakapangusa avoka kidevuni.

"Ngoja hapa," alikaambia. "Tunangoja mudogo wako."

Kakangoja. Watoto wanatii mukono unaowapangusa.

Bibi yangu akasimama wima tena, akavuta pumzi ya kuita wa tatu, na kinywa kikabaki wazi. Turbo hakuweza kulisema. Lile lingine aliniahidi hatalirudia nikishinda, na hakujua kama nimeshinda au hapana. Akafunga kinywa. Akageuka akaniangalia pale mulangoni. Hakuwa ananiomba. Aliniangalia kama mutu anavyomuangalia mwenye ufunguo, baridi iko inje na watoto wako inje.

Nikasema, "Kasereka."

Ilitoka ndogo sana, sauti yangu mimi, ambayo inawasimamisha wabebaji upande wa pili wa depo.

"Sikusikia," alisema Mama Akusheze.

Nilimuchukua mutoto mapajani mwake, nikatoka mpaka barabarani, nikasimama kando ya bibi yangu na yule Kambale wa watu, nikaita tena.